Akiba na Pumzi

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, nyimbo, mavazi na michoro. Hayo yote ni sehemu ya utamaduni, lakini siyo utamaduni wote. Utamaduni ni jumla ya njia ambazo watu wamejifunza ili waweze kuishi: namna wanavyojenga, wanavyopika, wanavyogawana walicho nacho, na namna wanavyoamua lipi litangulie pale ambapo mambo mawili mema yanagongana. Katika insha hii twataka kuutazama mgongano mmoja wa namna hiyo. Jambo jema la kwanza ni kuweka akiba. La pili ni kuulinda uhai wa mtu aliye kazini. Tutauliza: Je, kubana matumizi kuna mpaka? Na kama upo, ni nani mwenye haki ya kuuweka?

Mahali tutakapoliulizia swali hili ni maabara, ambamo hewa safi haipatikani bila gharama. Lakini kabla ya kufika maabara, yatufaa tupitie jikoni.

Jiko la pwani

Tuanze Moa, kata ya pwani katika Wilaya ya Mkinga, kaskazini ya mji wa Tanga, jirani na mpaka wa Kenya. Huko, kama ilivyo pwani yetu yote, majira huhesabiwa kwa pepo. Kaskazi huvuma tangu mnamo Desemba hadi Machi, na kusi hushika zamu tangu Aprili hadi Septemba hivi. Mvuvi huzijua pepo hizi kwa ajili ya tanga lake, na mpishi naye huzijua kwa ajili ya moto wake. Maana upepo ukiingia jikoni huleta faida na hasara kwa pamoja. Faida yake ni kuuondoa moshi. Hasara yake ni kuuchochea moto, kuni zikateketea kabla chungu hakijachemka. Na kuni si kitu cha kuchezea: mikoko ikikatwa ovyo, ufuko hubaki bila kinga na samaki hukosa mazalio.

Hapo mpishi ana njia tatu. Aweza kuziba mlango na kila tundu, moto ukatulia na kuni zikadumu. Lakini moshi utabaki ndani, na watakaoulipia ni yeye mwenyewe na mtoto aliyembeba mgongoni. Aweza kuliacha jiko wazi kabisa, akavuta hewa safi huku kuni zikimwishia. Ama aweza kufanya kama walivyofanya wengi waliojenga kwa udongo, fito na makuti: kuuzuia upepo chini, pale moto ulipo, kwa mafiga na kikingio, na kuacha nafasi juu, baina ya ukuta na paa, ili moshi upate pa kutokea. Njia hii ya tatu haikukaa kuchagua baina ya kuni na pumzi. Iliuliza swali jingine: upepo wahitajika wapi, na wapi unaleta hasara tu?

Hatusemi kwamba jiko la kuni ni salama. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na wengi walioumia ni wanawake na watoto. Tunalolichukua kutoka jikoni si moshi wake, bali lile swali lake. Kwa kuwa ndilo hilo hilo linalowakabili wahandisi wa maabara za leo.

Hewa ya maabara

Mkoa wa Tanga si mgeni wa maabara. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Baadaye, katika utawala wa Waingereza, utafiti wa malaria ulihamia hapo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, inacho hadi leo kituo chenye jina la Amani, ingawa makao yake sasa yako Muheza, chini ya milima.

Tofauti ya mahali hapo pawili ni somo kwetu. Amani iko juu, penye ubaridi. Madirisha mapana na baraza hutosha kuiburudisha nyumba. Muheza, Tanga na Moa ziko chini, penye joto na unyevu. Huko chini maabara ya kisasa hufungwa madirisha na kupozwa kwa viyoyozi, kwa sababu dawa nyingi huharibika kwa joto na mashine za kupimia hudhurika kwa unyevu. Basi chumba kikishafungwa, hewa haiingii wala kutoka kwa hiari yake. Lazima isukumwe kwa umeme.

Iwapo kazi ya maabara hiyo inahusu kemikali zenye mvuke wa sumu, huwekwa humo kabati maalumu. Mbele ya kabati pana kioo kinachopandishwa na kushushwa. Juu yake pana bomba na feni, ambayo huivuta hewa ya chumbani, ikaipitisha kwenye uwazi ulio chini ya kioo, ikauchukua mvuke na kuutoa nje juu ya paa. Mtafiti husimama mbele ya kioo, mikono yake ikiwa ndani ya kabati na uso wake ukiwa nje. Kinachomtenga na sumu pale kwenye uwazi si ukuta. Ni mwendo wa hewa tu. Kwa kawaida hewa hiyo hutakiwa iingie kwa mwendo wa karibu nusu mita kwa sekunde.

Tufanye hesabu, maana maadili yasiyojua hesabu huishia kwenye maneno matupu. Tuseme uwazi wa kabati una upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 0.5. Eneo lake ni mita za mraba 0.75. Hewa ikipita hapo kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, kabati litatoa mita za ujazo 1,350 kila saa. Chumba chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 kina mita za ujazo 144 tu. Kwa hiyo kabati moja laweza kukitoa hewa yote chumba hicho zaidi ya mara 9 kwa saa. Na hewa hiyo imekwisha kupozwa na kukaushwa kwa umeme. Kila inayotoka, nafasi yake huchukuliwa na hewa mpya ya moto kutoka nje, ambayo nayo lazima ipozwe. Ni kama kuteka maji kwa pakacha. Watafiti wa Marekani walipata kukadiria kuwa kabati moja la namna hiyo, likiachwa likifanya kazi mchana na usiku, hutumia nishati kama inayotumiwa na nyumba tatu na nusu za nchi yao.

Si ajabu, basi, kwamba ankara ya umeme inapofika, jicho la mwenye kulipa hukiangukia kipitisha hewa kwanza. Kuipunguza feni ni kazi ya kugeuza swichi moja. Akiba huonekana mwezi huo huo. Madhara, kama yapo, huenda yasionekane mpaka baada ya miaka, tena katika kifua cha mtu mwingine.

Mafunzo ya nchi nyingine

Historia inayo mifano ya kutuonya. Mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta ilianza kupanda ghafla, na kabla ya miezi mingi kupita ilikuwa imefikia karibu mara nne. Kila nchi ilijibana kwa njia yake. Wazee wetu wanakumbuka jinsi magari binafsi yalivyozuiwa kutembea mchana wa Jumapili hapa Tanzania. Huko Marekani wajenzi walianza kuyaziba majengo ili hewa iliyopozwa au kupashwa moto isitoroke. Kanuni ya wahandisi wao ya mwaka 1981 iliruhusu hewa safi ya futi za ujazo 5 tu kwa dakika kwa kila mtu katika ofisi zisizo na wavutaji wa tumbaku. Muda si muda malalamiko yakaongezeka: watu waliumwa vichwa, macho yaliwasha, makoo yalikauka, nao wakipata nafuu wakirudi nyumbani. Mwaka 1989 kanuni hiyo ilibadilishwa, na kiwango cha ofisi kikapandishwa hadi futi 20. Akiba ya nishati ilikuwa imepatikana kweli, lakini sehemu yake ililipwa kwa afya ya waliokaa ndani.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, gesi ya sumu ilivuja kutoka kiwanda cha dawa za kuulia wadudu katika mji wa Bhopal, India. Maelfu ya watu walikufa na wengine wengi sana wakapata vilema vya macho na mapafu. Uchunguzi ulionyesha kwamba mtambo wa kulipoza tangi la kemikali hiyo ulikuwa umezimwa miezi kadhaa kabla ya ajali, na mnara wa kuiunguza gesi inayovuja ulikuwa haufanyi kazi usiku ule. Ajali ile ilikuwa na sababu nyingi, wala hatuwezi kuitwika swichi moja lawama yote. Lakini hapana anayeweza kusema kwamba mtambo ule uliozimwa ulikuwa anasa.

Tukiitazama mifano hii miwili, twaona jambo moja linaloiunganisha. Aliyeihesabu akiba na aliyeivuta hewa hawakuwa mtu mmoja. Mpishi wa Moa akiziba jiko lake, yeye mwenyewe atakohoa, naye atalizibua. Lakini mwenye kuamua akiwa mbali na hewa anayoiamulia, kikohozi hakimfikii. Humfikia tarakimu tu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa kunguni ni sumu, na kitanda ni mapafu ya mwenzetu.

Upande wa pili wa hoja

Hata hivyo tusiharakishe kuhitimisha kwamba usalama ndio kila kitu na akiba ni ubahili. Yuko atakayesema: uhai hauna bei, basi feni na izunguke usiku na mchana bila kuulizwa. Kauli hiyo yasikika kuwa ya utu, lakini ina upungufu.

Umeme hauanguki kutoka mbinguni. Mkoa wa Tanga una mitambo ya Mto Pangani: Hale, uliofunguliwa mwaka 1964 ukiwa na uwezo wa megawati 21, na ule wa Maporomoko ya Pangani wa mwaka 1995, wenye megawati 68. Mvua zikikosekana, mto hupungua na mitambo hunyong'onyea. Taifa zima lilionja mgawo wa umeme katika miaka ya 2006 na 2011. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lililopangiwa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, nalo limetupa faraja kubwa. Lakini faraja si ruhusa ya kufuja. Wingi wa maji mtungini haujapata kuwa sababu ya kuyamwaga.

Kabati lililoachwa kioo juu usiku kucha, ndani yake hamna kemikali wala mbele yake hapana mtu, halimlindi yeyote. Umeme linaoumeza ungeweza kulipoza jokofu la chanjo katika zahanati, au kumwangazia mkunga. Anayefuja kwa jina la usalama naye anamnyang'anya mtu asiyemwona. Kwa hiyo mzembe wa akiba na mzembe wa usalama wana kosa la aina moja: kila mmoja amemsahau mtu aliye upande wa pili wa ukuta.

Mpaka uko wapi?

Ikiwa akiba ni wajibu na usalama ni wajibu, mpaka baina yao tutauonaje? Twapendekeza mambo manne.

Kwanza, kipunguzwe kile kisichomlinda mtu. Hapa lile swali la jikoni latusaidia. Turudi kwenye kabati letu. Mtafiti akikishusha kioo mpaka uwazi ukabaki na kimo cha mita 0.2, na feni ikiwa ya aina inayoweza kupunguza mwendo, hewa itaendelea kuingia kwa nusu mita kwa sekunde ile ile. Lakini kiasi kinachotoka kitashuka kutoka mita za ujazo 1,350 hadi 540 kwa saa. Ulinzi haukupungua. Tena umezidi, kwa sababu kioo kilichoshuka humkinga mtu dhidi ya mrusho wa asidi au mlipuko. Fizikia nayo hutuongezea zawadi: nguvu inayohitajika kuizungusha feni hufuata kipeo cha tatu cha kiasi cha hewa, hata hewa ikipungua kwa nusu, nguvu yaweza kukaribia sehemu moja ya nane, ingawa katika matumizi halisi akiba huwa ndogo kuliko hiyo. Akiba kubwa hivi imetokana na kushusha kioo, bila mtu yeyote kupunjwa pumzi.

Pili, tupime kabla ya kupunguza, na tupime tena baada ya kupunguza. Hewa haionekani, na hisia zetu hudanganya. Hata yule adhaniaye kuwa hewa ikienda mbio zaidi ndipo usalama unapozidi, amekosea. Mwendo ukipita kiasi, hewa huzunguka kama maji ya mkondo na kuurudisha mvuke usoni pa mtafiti. Yahitajika kipima mwendo wa hewa, moshi wa majaribio, na daftari la kumbukumbu. Ziko pia kazi zisizoruhusu kuzimwa kwa hewa hata saa moja, kama vile palipohifadhiwa kemikali zinazotoa mvuke, au panaposhughulikiwa vijidudu vya maradhi ya kuambukiza. Asiyepima hana haki ya kusema ameweka akiba.

Tatu, anayeivuta hewa awe na sauti katika kuiamua. Huyo si profesa peke yake. Ni msaidizi wa maabara anayeosha vyombo, ni mfagizi anayeingia jioni viyoyozi vikiwa vimezimwa, ni mwanafunzi aliye mazoezini. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Lakini sheria huwa hai pale ambapo mdogo kabisa anaweza kusema, "Hewa hapa si nzuri," na mkubwa akanyanyuka kwenda kutazama.

Nne, yakishafanyika hayo yote na hewa bado haitoshi, lipunguzwe jaribio, isipunguzwe hewa. Kemikali kali na ibadilishwe kwa iliyo pole. Kinachofanywa kwa lita na kifanywe kwa matone. Umeme ukikatika, kazi isimame, kioo kishushwe, watu watoke.

Twajua ugumu wa hili la nne. Pengine sampuli iliyo mezani ni ya mgonjwa anayengoja majibu, na mtaalamu yu tayari kuendelea na kazi katika hewa mbaya kwa ajili ya mgonjwa huyo. Tutamwambiaje? Twamheshimu. Mtu ana hiari ya kujitolea, na taifa letu limejengwa na waliojitolea. Lakini tofauti ni kubwa baina ya mtu kuutoa ushujaa wake siku ya dhiki, na sisi kuupanga ushujaa huo mapema, kana kwamba ni fungu la bajeti. La kwanza ni utu wake. La pili ni deni letu. Taasisi inayotegemea kila siku kwamba vijana wake watavumilia, haikuweka akiba. Imekopa kutoka kwenye mapafu yao bila kuwaambia.

Maabara za shule zetu

Msomaji wa sekondari asidhani kwamba haya ni ya wataalamu wa mbali. Kati ya miaka ya 2012 na 2015 wananchi walihimizwa kujenga maabara za fizikia, kemia na biolojia katika shule za kata nchini kote, na wengi walichangia kwa fedha na kwa nguvu zao. Nyingi ya maabara za shule hazina kabati la kuvutia mvuke. Hewa yake ni ya madirisha, na feni yake ni kaskazi na kusi.

Basi dirisha la maabara ni chombo cha usalama sawa na ndoo ya mchanga. Lisizibwe kwa kabati la vitabu. Lisifungwe kwa misumari kwa kuhofia wezi; liwekewe nondo, lifunguke. Jengo jipya la pwani na lielekezwe ili pepo zipenye upande huu na kutokea upande wa pili, na liachiwe matundu juu, karibu na paa, kama lilivyo jiko la makuti. Jaribio la shaba na asidi kali ya naitriki, ambalo hutoa gesi ya kahawia yenye sumu, au la kutengeneza klorini, lifanywe kwa kiasi kidogo, upande ambako upepo unatokea nje, nao wanafunzi wasimame upande unakoingilia. Na kila mwanafunzi ajue hatari ya haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya mayai viza: ikizidi, huifisha pua, mtu akadhani imekwisha kumbe imezidi. Pua peke yake si mlinzi wa kutegemewa.

Haya yote hayataki umeme hata kidogo. Yataka mwalimu anayejua upepo unatoka wapi, na mkuu wa shule anayeamini kwamba dakika tano za kufungua madirisha si dakika zilizopotea.

Akiba haiozi, walisema wahenga, nasi twakubaliana nao. Lakini akiba yenyewe yawekwa kwa ajili ya nini, kama si kwa ajili ya watu wapate kuishi kesho? Taifa lisilo na fedha nyingi lina haki ya kubana matumizi, na lina wajibu wa kufanya hivyo. Halina haki ya kubana pumzi. Kijana wa Moa au wa Muheza atakayevaa koti jeupe kesho aikute feni inayozunguka pale inapohitajika, imezimwa pale isipohitajika, na aliyeiamulia awe ameingia kwanza ndani ya chumba hicho, akafunga mlango, akavuta hewa yake.